Taa ya Njano Haikuomba Lumbesa

Wilibrodi alimimina unga mweusi kwenye tundu la katriji, akaigonga ubavuni kwa kiganja, akamimina tena. Chini yake alikuwa ametandika gazeti juu ya meza. Walikuwa ndani ya steshenari ya mkewe, Karatu mjini.

"Umejaa?" Felista, mkewe, aliuliza.

"Bado. Nashindilia."

Felista aliirudisha katriji ndani ya printa, akafunga kifuniko. Taa ya njano ikawaka, kama ilivyowaka tangu asubuhi. Taa hiyo ilimaanisha kwamba tona, ule unga mweusi unaoandika, imepungua.

"Bado ina njaa," Wilibrodi alisema. "Ilete niizidishie."

Hiyo ilikuwa mara ya nne. Wilibrodi hununua vitunguu Mang'ola. Kwake yeye gunia halijajaa mpaka lipandishwe kilemba juu ya mdomo na kufungwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa, na ndivyo alivyoijaza katriji.

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa Nailantei, mfugaji kutoka Malambo. Alitaka vijitabu arobaini vya chanjo ya mbuzi, kila kimoja karatasi sita. Gari lake lingeondoka kesho saa nne asubuhi. Gari lingine ni mpaka wiki ijayo.

"Mama Isaya, ukishindwa niambie mapema," alimwambia Felista. "Daktari wa mifugo anafika keshokutwa, siku moja tu. Watu wasipopata maandishi, watasahau tarehe ya chanjo ya pili. Mwaka jana walisahau. Mimi mwenyewe nilizika mbuzi kumi na moja."

"Sitashindwa," Felista alijibu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Akabonyeza. Karatasi ya kwanza ilitoka na madoa. Ya pili ilitoka kama imefagiliwa kwa mkaa. Ya tatu haikutoka. Printa ilikwaruza ndani, ikanyamaza.

Felista alitoka. Alirudi na Sabina, fundi wa mashine, ambaye ofisi yake iko milango mitatu kutoka pale. Sabina alivaa barakoa, akaitoa katriji taratibu. Unga ulimwagika mezani.

"Shemeji," alimwambia Wilibrodi, "hii unaipeleka sokoni?"

"Si taa inawaka? Nilijua haijatosha."

"Nani alikwambia mashine hii inaona unga?"

Wilibrodi alimtazama mkewe.

"Zipo zinazoona," Sabina aliendelea. "Zina taa ndogo upande mmoja na jicho upande wa pili. Unga ukiwa mwingi unaziba mwanga. Ukipungua, mwanga unapita, na mashine inajua. Hii yenu haioni. Inahesabu."

Aliwaonyesha kitu kidogo kama ukucha, kimebandikwa ubavuni mwa katriji. "Hii ni chipu. Kila ukurasa ukitoka, mashine inakadiria unga uliotumika na kuandika humu. Hesabu ikifika mahali fulani, inawasha njano. Wewe ukimimina unga, chipu haina habari. Ungemimina gunia zima, shemeji, njano ingebaki njano."

"Kumbe nilikuwa nagombana na daftari," Wilibrodi alisema.

Nailantei alicheka kwenye benchi, mara ya kwanza tangu mchana.

"Jambo lingine," Sabina alisema. "Njano haisemi unga umekwisha. Inasema umebaki kidogo, tafuta katriji nyingine. Hapo mashine yenu bado inachapa. Ikiwaka nyekundu ndipo inasimama."

Felista alitazama chini ya kaunta. "Mwezi uliopita nilitoa nyingine. Ilikuwa njano tu."

"Uliitupa?"

"Iko chini ya kaunta."

"Ilete."

Sabina aliishika kwa mikono miwili, ikalala sawasawa. Akaiinamisha kushoto, akaiinamisha kulia, polepole, mara tano au sita, kama mtu anayesawazisha mchele kwenye ungo. "Unga hukimbilia upande mmoja," alisema. "Unausawazisha tu. Haushindiliwi."

Alifuta ndani ya printa kwa kitambaa kikavu, akaiweka katriji hiyo. Taa ikawaka njano. Felista alisita, kidole kiko juu ya kitufe.

"Bonyeza," Sabina alisema.

Karatasi ilitoka. Nailantei aliinuka, akaichukua, akasoma kwa sauti: "Siku ya kwanza, mbuzi wote wabaki zizini." Kila herufi ilikuwa nyeusi, na pembeni karatasi ilikuwa nyeupe.

"Endelea, mama," alisema.

Felista aliendelea. Sabina alikaa pembeni na ile katriji ya lumbesa. Aliimimina gazetini, akaisafisha, akaijaza kwa kipimo chake, akabandika chipu mpya. Wilibrodi alitazama mikono yake iliyokuwa nyeusi, akaichukua chupa ya maji ya moto.

"Maji ya baridi, shemeji. Unga huu ukipata joto unayeyuka na kunata. Ndivyo unavyoshika karatasi."

Kijitabu cha thelathini na moja kilipokamilika, taa ikawa nyekundu. Printa ikasimama. Wilibrodi alinyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Sasa ndiyo imekwisha kweli," Felista alisema. Hakumwita Sabina. Alibadilisha katriji mwenyewe, akafunga kifuniko, akasubiri.

Kijani.

"Hiyo umeiwasha mwenyewe," Sabina alimwambia.

Jua lilikuwa linazama, na nyumbani ng'ombe wa Felista alikuwa anasubiri kukamuliwa. Felista alipanga vijitabu vizuri. Kisha akaandika kwenye kikaratasi, akakibandika juu ya printa:

*Njano: sawazisha, endelea, tafuta nyingine. Nyekundu: badilisha. Ukijaza unga, weka chipu mpya.*

"Ongeza," Wilibrodi alisema. "Mwenye vitunguu asiguse."

Nailantei alichukua kijitabu kimoja, akakiweka chini ya shuka lake. "Hiki nalala nacho. Kesho saa ngapi?"

"Saa moja nafungua," Felista alisema, akazima printa. "Vimebaki tisa."