Picha Zilizohamia Sebuleni

Duka la kompyuta lilikuwa limefurika, na foleni ilikuwa imegeuka msongamano. Mfamasia, kijana nadhifu mwenye shati lililonyooshwa mpaka likasimama, alikuwa amekumbatia boksi lenye kifaa cha kuhifadhia mafaili, kile cha kuunganishwa na mtandao wa nyumbani. Kona ya boksi ikamchoma mbavuni dada mmoja mwenye gauni la rangi ya haradali na kamera begani.

"Samahani, dada. Limekuumiza?"

"Limeniumiza, ndiyo. Unaweka nini humo, siri zako?"

"Picha za mama yangu. Siri sina, ila kuanzia leo naweza kuwa nayo moja."

Dada akacheka, na kicheko kile kikammaliza kijana wa watu. Dada huyo alikuwa mpiga picha wa harusi. Walitoka dukani wakiwa wamepeana namba, na tangu hapo simu zao zikawa hazipoi.

Wiki chache baadaye dada alipiga akiwa hoi.

"Nimekwisha, laazizi. Ile diski yangu ya nje inagonga kwa ndani kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Picha za wateja wangu zote zimo humo."

"Ilete kabla haijakata roho. Tutanakili kila kitu kwenye kile kifaa changu cha nyumbani."

Diski ikaletwa, ikachomekwa. Mfamasia ndiye aliyeshika kompyuta, lakini macho yake yalikuwa kwenye vishimo vya mashavu ya mpenzi wake, basi mafaili akayaelekeza kwenye folda ya familia badala ya folda mpya. Hakujua. Kwa jinsi diski ilivyokuwa mgonjwa, kazi ingechukua mpaka kesho yake, kwa hiyo dada akaaga akaenda kwenye shughuli zake.

Sasa, televisheni ya nyumba ile ilikuwa na mtindo wake. Ikiachwa bila kuwekewa kipindi, huonyesha yenyewe picha zozote zilizomo kwenye folda ya familia. Jioni mfamasia alipoingia sebuleni alimkuta mpenzi wake humo, amejaa skrini nzima. Alikuwa amevaa gauni la krimu, ameshika maua meupe, amesimama bega kwa bega na mwanamume mrefu mwenye suti, chini ya tao la maua la maharusi. Wote wawili wanatabasamu.

Moyo ulimpasuka. Badala ya kuuliza, akanuna, kama wanavyofanya wanaume wengi wenye akili zao. Dada alipopiga kuulizia mafaili, alijibiwa kwamba yanaendelea, aje kesho achukue diski yake.

"Mbona sauti yako imepoa hivyo?"

"Nimechoka tu."

Akakata. Dada akapiga tena, simu ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe. Alilia sana, akiamini ameshachokwa.

Kesho yake mfamasia alikuwa kazini, akihesabu vidonge kwa uchungu, mama yake alipompigia.

"Mwanangu, huyu binti wako ameolewa mara ngapi?"

"Mama, tafadhali."

"Nisikilize. Nimekaa hapa sebuleni tangu asubuhi, televisheni inaonyesha picha zake. Kulikuwa na mrefu, akaja mnene, sasa hivi yuko na mzee mwenye mkongojo. Na kila baada ya picha yake, anatokea bibi harusi mwenyewe, amesimama palepale na maua yaleyale. Huyu mtoto yuko kazini, wewe ndiye umekaa na jambo lako moyoni."

Mfamasia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alipiga simu, haikupokewa.

Dada alifika jioni, na blauzi ya bluu na uso usiotaka mazungumzo. Alimwamkia mama, akainama kuchomoa diski. Mfamasia akamweleza yote: folda, televisheni na ujinga wake.

"Nisamehe. Niliona picha moja tu nikakuhukumu."

"Ungeniuliza. Bibi harusi akiwa bado anapambwa, naiweka kamera kwenye stendi, nashika maua yake, nasimama na mumewe niujaribu mwanga. Akifika nampisha." Akaishika diski kwa mikono miwili. "Miaka yote nasimama na waume za watu, nawapisha wenyewe. Nilidhani kwako nimefika."

Mama akainuka kwenye kochi. Alisema yeye amewaona wanaume wote wa kwenye picha, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyemfaa binti huyu. Kisha akaenda jikoni, ambako hakuwa na kazi yoyote.

Mfamasia akasogea, akashika mikono yote miwili ya mpenzi wake, pamoja na diski iliyokuwa ndani yake.

"Umefika. Nataka nikuoe. Utakubali kusimama na mimi?"

Dada alimtazama, machozi na vishimo vya mashavu vikatokea kwa pamoja.

"Nitasimama," alisema. "Ila kwako simpishi mtu."