Sarafu Saba za Chini ya Vigae

Mara ya kwanza Kereng'ende alipofika mlangoni akageuka, baba yake alidhani kasahau daftari. Mtoto alirudi hadi jikoni, akatazama huku na huku, akaenda tena. Akafika kizingitini, akageuka. Mara ya tatu alikuwa analia.

"Baba, mlango haunipitishi."

"Sema shule huitaki," alisema baba, akamshika mkono watoke pamoja. Yeye akatoka. Mkono mdogo ulimponyoka, na alipogeuka, binti yake wa miaka tisa, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hatulii mahali, alikuwa jikoni, ametulia tuli, ameupa mlango mgongo.

Tuseme ukweli, aliyeyatafuta haya ni baba mwenyewe. Alikuwa fundi vigae, na watu walimwita Bila Alama, maana akibandua kigae na kukirudisha, hata mwenye nyumba hajui kilipoguswa. Sifa hiyo ilimvimbisha kichwa, na nani isingemvimbisha? Jumamosi aliazima mashine ya kutafutia vyuma, ile ya mpini mrefu yenye sahani chini, ajue bomba la mteja limepita wapi kabla hajachimba. Akaijaribu kwanza kwake, kwenye nyumba waliyoinunua mwaka huo kwa bei ya kutupa bila kuuliza kwa nini. Ikalia sebuleni. Ikalia kwenye ujia. Ililia mahali saba.

Kila alipochimba alikuta sarafu moja ya shaba, imesimama wima ardhini kama mbegu iliyopandwa, haina sura wala maandishi.

"Baba Kereng'ende, kilichopandwa kina mwenyewe," alisema mkewe, fundi cherehani, ambaye hakuinua hata macho kwenye kitambaa. "Rudisha."

"Mwenyewe si mimi? Hati ya nyumba ina jina la nani?"

Akazitia kikombeni, akafukia mashimo, akashindilia, akarudisha vigae, akajaza viungo saruji nyeupe na kufuta kwa sponji. Alipomaliza, hata yeye hakuweza kuonyesha alipochimba. Akajipigia makofi, mjinga yule!

Sasa mtoto alikuwa kafungiwa. Baba aling'oa nondo za dirisha akampitisha nje, mama akiwa upande wa pili amenyoosha mikono kumpokea, na mama akakumbatia hewa. Wakamkuta stoo, nyuma ya magunia. Wakajaribu mlango wa uani, wakamkuta kabatini. Na kila alivyorudi, alirudi amepungua. Si mwili, sauti. Siku ya pili aliomba maji, midomo yake ikacheza, na maneno yakatokea chini, kwenye sakafu, miguuni pa mama yake.

Mchana huohuo nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua, na chini ya vigae kukasikika kugongwa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi na ana siku nzima ya kusubiri.

"Unaongea na nani, mwanangu?" mama alinong'ona.

"Anauliza nani kamfungulia."

"Nani huyo?"

"Yuko nyuma yako. Usigeuke, mama."

Mama hakugeuka, alisimama na sindano mkononi akihisi pumzi ya moto ikimpita shingoni, ikishuka mgongoni, ikizunguka kiunoni polepole kama inampima gauni, mpaka pumzi ile ikamwacha na kwenda kwa mtoto, na nywele za mtoto zikainuka zenyewe.

Mganga, mwanamke mtu mzima, aliitwa akaja, akakataa kuingia. Alisimama barabarani, mtandio puani, akamzuia na mama wa mtoto asirudi ndani.

"Nyumba hii ni jela," alisema. "Sarafu ndizo kufuli. Kila moja irudi kwenye tundu lake, kabla sauti ya mtoto haijaisha yote. Ikiisha, na mwili utaifuata huko chini. Uliweka alama ulipochimba?"

"Mama, mimi huwa siweki alama," alisema fundi.

Akapitisha mashine sakafu nzima. Kimya. Mashine ile inakijua kilichopo, kilichoondolewa haikijui. Akagonga vigae kwa mpini wa nyundo asikie uwazi, na uwazi haukuwepo, kwa jinsi alivyoshindilia. Akaanza kung'oa, chumba kwa chumba, akipekua udongo kwa kucha mpaka zikavuja damu, akitafuta ulipo laini, akapata tundu moja, akapata la pili, na kila sarafu iliporudi, kugonga kulipungua lakini kukasogea karibu, chini ya magoti yake hasa, na alipofikisha la sita vigae vilikuwa vimekwisha nyumba nzima na udongo wote ulikuwa mgumu, na mtoto amelala pembeni, mwili umempoa, na kutoka chini kabisa ikamjia sauti nyembamba kama uzi: "Baba, huku giza."

"Mama!" alimwita mganga kupitia dirishani. "Ya saba haina tundu!"

"Kitu kile hakibagui," alisema mganga. "Udongo au nyama, kinataka pa kufungiwa tu."

Fundi alimtazama binti yake. Akaitia sarafu mdomoni, akameza.

Kugonga kukakoma. Kereng'ende akakohoa, akalia kwa sauti yake, kinywani mwake, akachomoka mbio hadi kifuani pa mama yake barabarani. Mama alicheka na kulia pamoja.

"Na wewe toka, mume wangu! Toka!"

Alijaribu. Wakamwona anafika mlangoni, anarudi ndani.

Mkewe sasa anashonea kwa jirani, na kila mchana anapitisha chakula dirishani. Wanaongea, mtoto anasoma masomo yake hapo, baba anamsahihisha, siku nyingine wanacheka. Juzi fundi alisogea karibu, akapunguza sauti.

"Mama Kereng'ende, kuanzia kesho lete sahani mbili."

Mkewe hakuuliza ya pili ni ya nani. Alileta mbili, na zote zilirudi tupu.