Kitabu Kilichoanzia Mwisho

Mama Kasuku alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na siku hiyo aliianza kama siku zote: alifungua dirisha la karakana, akakoroga gundi, akanoa kisu cha kukatia karatasi. Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Watu walimletea vitabu vilivyochoka, vya shule na vya sheria, naye akavirudishia migongo. Mikono yake ilinuka gundi hata akitoka kuoga, jambo lililomchekesha sana binti yake enzi za uhai wake.

Binti huyo ndiye Kasuku, na jina la utani alilipata kihalali. Aliongea akila, aliongea akipiga mswaki, na usingizini ndiyo usiseme. Utotoni alichezea kisu cha mama yake kikampasua kidole gumba cha kulia, likabaki kovu la kukikata katikati. Hata siku ile, damu ikichuruzika, hakuacha kuuliza maswali. Kisha akaugua kifua akiwa bado mwanafunzi, kikaondoka naye. Nyumba ikawa kimya, na kimya kile kilimuumiza mama kuliko kelele yoyote.

Alipokuwa mgonjwa kitandani, Kasuku alikuwa na kitabu kimoja tu, kitabu cha katuni za Kijapani, zile ziitwazo manga. Kilimhusu msichana aliyekulia katika nyumba ya kando ya ziwa, akifuatwa chumba hadi chumba na kivuli chenye mikono mirefu. Mama yake wa kwenye katuni alikuwa na shughuli zake, hageuki hata mara moja. Msichana anakua, kivuli nacho kinakua, hadi anafungua mlango na kuondoka nacho kuelekea majini. Kasuku alikisoma mpaka kurasa zikaachana. Jioni moja mama yake alimkuta akilia kwa kwikwi.

"Msichana mzima unalilia katuni?"

"Silii katuni, Mama. Amekua, na hakuna aliyemwona." Akampa kile kitabu. "Nijalidie basi. Na wewe ukisome."

"Kesho, mwanangu. Hapa nina kazi za watu."

Kesho hiyo haikumkuta Kasuku.

Basi siku ninayoisimulia, miezi kadhaa baada ya mazishi, hapakuwa na kazi ya mteja mezani. Mama Kasuku akajikaza, akazitoa zile kurasa sandukuni, akazishona. Hakujua kwamba katuni za aina hiyo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mikono yake ilijua njia moja tu. Jalada la mbele akalibandika kushoto, kama alivyolibandika kwenye vitabu vyote vya maisha yake, na kwa hiyo likakaa juu ya ukurasa wa mwisho.

Gundi ilipokauka alikaa karibu na dirisha, akafungua. Picha ya kwanza ilikuwa mlango uliofungwa, kizingiti kikiwa na maji. Akageuza. Mlango ukawa wazi, na msichana akaingia ndani kinyumenyume.

Chumbani kwa Kasuku mtu akakohoa.

Alikijua kikohozi kile. Alikimbia, akakuta kitanda kimetandikwa vilevile, lakini mto ulikuwa na bonde la kichwa, nalo lilikuwa na joto. Mwingine angepiga mayowe. Yeye alipiga magoti, akaulalia ule mto, akalia kwa furaha.

Tangu hapo akawa anageuza kurasa kidogo kidogo, kila asubuhi, kabla ya kazi. Kikohozi kiliisha. Ikaja sauti, ikipiga soga upande wa pili wa ukuta, maneno yasiyosikika vizuri, lakini mdundo ulikuwa wa Kasuku hasa. Mama alijibu, "Ehe? Kisha?" Akapika kwa ajili ya watu wawili. Majirani walisema angalau sasa anacheka, maskini.

Ila sauti ilikuwa ikipungua umri. Asubuhi moja ilikuwa ya mtoto anayejifunza kuhesabu. Nyingine ilikosea majina ya vitu. Mlangoni zikakaa kandambili ndogo zilizolowa, ambazo Mama Kasuku alikumbuka kuzigawa zamani. Akazianika juani. Hakuuliza.

Kisha akaja rafiki wa Kasuku, binti wa mwenye duka la dawa, kumjulia hali. Alikiona kitabu mezani.

"Shikamoo, Mama. Jamani, umekigeuza! Hiki kinaanzia upande huu."

"Marahaba. Kwani ubaya uko wapi? Mtoto anarudi nyumbani."

"Wa kitabuni anarudi, ndiyo. Lakini ukimaliza utakuta picha ya mama peke yake, hana hata mimba. Ndiyo picha ya kwanza ya hadithi. Hajazaliwa bado."

Msichana akainua macho ukutani, penye picha ya Kasuku ya shule. Akaitazama kwa muda.

"Huyu mtoto ni nani, Mama?"

Mama Kasuku akageuka. Sare ilikuwa ileile, kola na tai. Ndani yake alisimama mtoto mdogo, mikono ya shati ikimning'inia.

"Ni Kasuku. Rafiki yako."

"Kasuku?" Msichana alinong'ona, akajishika kifua. "Mbona ninalijua jina, sura siipati?"

Alipoondoka, Mama Kasuku alibaki amesimama. Kitabu kilikuwa na kurasa chache tu za kugeuza. Akafikiri kutozigeuza kabisa. Chumbani kichanga kikaanza kulia. Na mezani, mbele ya macho yake, bila upepo, ukurasa ukajigeuza.

Akaukandamiza kwa kiganja. Ukasukuma kutoka chini.

Sasa alielewa. Mtoto aliyerudi hakuwa wa kukaa. Angepungua mpaka asiwe amewahi kuwako, na hata yeye mamaye asingejua amepoteza nini. Njia ya kumbakisha ilikuwa moja, nayo ilikuwa kumpoteza tena.

Akachukua kisu.

Kichanga kililia kwa uchungu. Akakata jalada. Kikalia zaidi. "Nisamehe, mama," alimnong'oneza, kama alivyomwita alipokuwa mchanga, "nisamehe, mama yangu." Akakipindua kitabu chote. Akabandika jalada upya, upande wa kulia, juu ya ukurasa wa kwanza. Mwishoni akaongeza karatasi moja tupu, kama fundi yeyote, ili kulinda ukurasa wa mwisho. Machozi yake yalidondokea gundi.

Akasoma. Safari hii hakuharakisha, na kila picha aliisemesha.

"Nakuona umeota meno. Nakuona unatembea. Nakuona."

Kilio kikawa kicheko. Kicheko kikawa soga. Soga ikapanda sauti, ikajaa, ikawa ya msichana. Kikaja kikohozi. Mama akasita. Akageuza.

Kurasa mbili. Moja.

Mlango uliofungwa.

Nyuma yake, mlango wa nyumba ukajifunga taratibu. Mama Kasuku hakugeuka kutazama kivuli. Alisema tu, "Nimekuona, mwanangu. Umekua." Kisha akalaza kichwa mezani, na pakawa kimya.

Kulipokucha alikiweka kitabu sawa, ndipo akaona kitu kwenye pembe za kurasa. Alama za kidole gumba, za gundi. Kwenye kurasa za mwanzo zilikuwa ndogo kama punje ya maharage. Zikaongezeka ukubwa. Pahali fulani likaanza kovu, likiikata kila alama katikati. Kwenye picha ya mlango kilikuwa kidole cha msichana wa shule, nacho akakitambua mara moja.

Akafunua ile karatasi tupu, aliyoiongeza kwa mikono yake mwenyewe. Nayo ilikuwa na alama. Akaweka kidole chake juu yake, kikaenea sawasawa. Ilikuwa alama ya kidole cha mwanamke mtu mzima.

Alipoinua chake, kovu lilikuwa pale kwenye alama, katikati. Na gundi ilikuwa mbichi.