Mapigo Mawili ya Daktari Khaemba

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, Trizah alipompelekea mumewe chai kwenye chumba cha vitabu na kuona jambo ambalo hakulielewa mara moja. Daktari Khaemba alikuwa akisoma Kiebrania kwa sauti, kama kawaida yake. Akapokea kikombe, akakipeleka mdomoni, akanywa, koo likapanda na kushuka. Usomaji haukukatika. Maneno yaliendelea kutoka, polepole, bila kuruka hata moja, na huku mdomo wake umejaa chai.

Trizah alisimama pale mpaka kikombe kikarudishwa mezani. Kisha akarudi jikoni kuchambua sukuma. Mtu mwingine angekimbilia kwa majirani, lakini yeye tangu mazishi alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Aliona mambo. Hayakumfikia.

Khaemba alizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru, mtoto wa Mbukusu aliyekuwa akitia mabehewa mafuta. Alipelekwa chuo cha theolojia awe mchungaji, akakutana na Kiebrania huko, na uchungaji ukaishia hapo. Alikaa Yerusalemu miaka sita, akarudi na shahada ya udaktari katika elimu ya siri ya Wayahudi, ile iitwayo Kabala: herufi ambazo kwazo Mungu aliumba dunia, majina ya malaika, safari za roho. Kwa miaka ishirini na minane alifundisha chuo kikuu, darasa ambalo hata likijaa lilikuwa na wanafunzi watano. Wenzake walimwita Mganga wa Wayahudi. Hakujali. Kitabu chake kikubwa kilihusu dibuki, roho isiyo na pa kukaa, inayoingia ndani ya mtu aliye hai na kumng'ang'ania, na jinsi walimu wa zamani wa mji wa Safed walivyozitoa roho za namna hiyo. Yeye mwenyewe hakuziamini. Alikuwa akisema kwamba mtaalamu wa malaria si lazima aumwe na mbu.

Halafu Nabalayo akafa. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi Naivasha, amepanga nyumba mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa. Ziwa lilipofura maji yakaingia hadi vyumbani, na ndani ya maji mlikuwa na waya ya stima. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Baada ya mazishi Khaemba aliacha kuandika kuhusu zile kurasa za majina ya malaika, akaanza kuzisoma kwa sauti, kila siku, tangu asubuhi. Ilikuwa miezi kumi na minne sasa. Trizah hakuwahi kumuuliza anamsomea nani.

Siku moja baada ya ile chai nyumba ilianza kunuka. Ilikuwa harufu ya tope la ziwani na magugu yaliyooza, ikitoka upande wa vitabu. Trizah alimwita fundi wa mabomba, jamaa mpole aitwaye Kiptum. Alifungua kila mfereji na kukuta safi. Alipokuwa akikusanya vyombo vyake aliuliza ni nani anafua nguo kule kwa mzee, maana alisikia maji yakipigwapigwa nyuma ya ukuta. Trizah akamwambia hakuna anayefua. Fundi alitazama ule ukuta, akaondoka bila kungoja chai.

Ijumaa, wakiwa mezani mchana, Khaemba akiwa ameinamia sahani na midomo ameifumba, sauti ya Nabalayo ikasema, "Mama, leo umesahau pilipili."

Ilitoka kifuani mwa mzee, chini kidogo ya vifungo vya shati, wala haikuwa sauti ya kuigiza, bali ile ile yenye mkwaruzo mdogo mwishoni aliokuwa nao tangu akiwa mtoto wa kifua kibovu, na Trizah akainuka, akaenda kabatini, akachukua pilipili, akaileta mezani na kuiweka mbele ya mumewe, akakaa tena.

Khaemba alikuwa akilia huku anatabasamu. Alimweleza mkewe kwa kunong'ona kwamba alikuwa amekosea maisha yake yote, kwamba yale yaliyoandikwa ni kweli, na mtoto amerudi. Akamwomba asimwambie mtu.

Trizah hakumwambia mtu, kwa siku nane. Kila mchana alipakua chakula na kungoja. Lilikuwa jambo la kwanza alilolingojea tangu mazishi. Sauti iliuliza habari za majirani, ikacheka vichekesho vya zamani vya baba na binti. Na kila siku shingo ya Khaemba ilizidi kuwa nyembamba ndani ya kola, kwa sababu kilichokuwa kikila mezani pale hakikuwa yeye. Trizah aliliona hilo wazi kabisa. Akaendelea kupakua.

Kilichomzindua ni kazi yake. Alikuwa nesi miaka thelathini na moja. Siku ya tisa Khaemba alishindwa kuinuka kwenye kiti, naye Trizah akamshika kifundo cha mkono wa kulia, akahesabu akitazama saa. Sitini na nne. Akahamia mkono wa kushoto, bila sababu, mazoea tu, na pale chini ya vidole vyake kulikuwa na mapigo mengine, mia moja na kumi na mawili, ya haraka na mepesi. Akarudia mara tatu. Akashika mikono yote miwili kwa pamoja, akasikia mioyo miwili ikipiga ndani ya mtu mmoja, kila mmoja na mwendo wake, na ule wa kushoto, kana kwamba umejua umegunduliwa, ukasimama kidogo, ukasikiliza, kisha ukaendelea.

Alimpigia simu Jebet Kigen. Huyu alikuwa binti wa wakulima wa viazi wa Kuresoi, mmoja wa watu wawili tu waliowahi kumaliza udaktari chini ya Khaemba. Alifika kesho yake, akaingia kumsalimu mwalimu wake, akatoka baada ya dakika tano na kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

"Mama, hii aliandika mwenyewe," alisema. "Sura ya saba. Inatakiwa watu wazima kumi, Wayahudi."

"Nakuru hii utawatoa wapi?"

"Tutaleta wenye tuko nao. Lazima hiyo roho iamriwe itokee kidole kidogo cha mguu. Ikitokea kooni, mzee anakufa. Na haiwezi kuamriwa ikiwa inatumia jina la mwingine. Kwanza inyang'anywe jina la Naba."

Saa tisa alasiri walifika wanawake saba wa chama cha kanisa, na Mchungaji Kosgei. Pamoja na Jebet na Trizah, kumi. Walimzunguka Khaemba kitini, jua likiwaka dirishani, harufu ya ziwa ikiwakaba. Jebet alisoma Kiebrania. Wanawake waliomba kwa sauti ya chini. Ile sauti ikaanza kulia, ikiuliza kwa nini inafukuzwa kwao.

Trizah alipiga magoti mbele ya mumewe. "Siku ile ya mafuriko ulinipigia simu," alisema. "Niliongea nini na wewe?"

"Uliniambia unanipenda, Mama."

Hivyo ndivyo Trizah alivyomwambia mumewe usiku wa msiba, na hivyo ndivyo Khaemba alivyoamini. Kitu kile kilijua tu yale yaliyokuwa ndani ya kichwa cha mzee.

"Sikusema hivyo," Trizah alisema mbele ya watu wote. "Alikuwa ameshatoka, yuko juu mahali pakavu. Nilimwambia arudi ndani achukue vyeti vyake. Mtoto wangu alienda kwa sababu nilimtuma. Wewe si yeye."

Mkwaruzo ule ukatoka katika sauti kama ngozi inavyobanduka, ikabaki sauti isiyo ya mwanamke wala mwanamume, ya zamani sana, ikamwambia Jebet: sina jina, mwenzenu ameniita kila asubuhi kwa herufi hizi na mimi nikaja, nami nikitoka nitatoka nazo, na Jebet akasoma amri ya mwisho na kutaja kidole. Ukucha mdogo wa mguu wa kushoto ukapasuka. Likatoka tone la damu, na baadaye maji meusi, mengi kuliko mguu unavyoweza kubeba.

Trizah alishika mikono yote miwili. Sitini na nane, na sitini na nane.

Khaemba alilala mpaka kesho yake mchana. Aliamka na njaa, akala ugali sahani mbili, akauliza kama mvua imenyesha. Kisha akaenda chumba cha vitabu. Trizah alimkuta amesimama na kitabu kimoja kizito, akikigeuza juu chini na kuanza upande wa kushoto, kisha akikigeuza tena. Jina lake mwenyewe lilikuwa kwenye jalada, kwa herufi zile za Kiebrania.

"Mama Naba," aliuliza kwa upole, "hivi vitabu ni vya nani?"

Trizah alilitazama lile jina kwenye jalada.

"Vya mwalimu fulani," alimjibu.

"Na atavirudia?"

"Hapana," alisema Trizah, akakichukua kitabu mikononi mwake na kukirudisha kwenye rafu.