Kitambaa Chekundu Kwenye Mugumo

Jumatatu tarehe tatu Juni, 1996, saa mbili asubuhi, Kanyiva alifika kwenye bustani ya umma iliyo chini ya mtaa wa Mountain View, akakuta watu wanamngoja wamenuna. Nyuma yao ulisimama mugumo, mkuyu mkubwa wa kando ya mto, na shina lake lilikuwa limezungushiwa kitambaa chekundu.

Kila mkazi alijua maana yake. Kanyiva ndiye aliyetumwa na ofisi ya mipango kuikagua bustani kabla njia ya baiskeli haijajengwa kando ya mto: ipite wapi, iharibu nini, iache nini. Kitambaa chekundu kilisema mti huu ukatwe. Naye alikuwa amefunga kimoja tu, kwenye mkaratusi mzee ulioinamia maji. Aligeuka kuutazama. Mkaratusi haukuwa na kitu.

"Mama Mwende, umetumaliza," Mwalimu Zedekiah alisema kwa upole. Ndiye aliyewaita watu. Mstaafu huyu alipendwa na mtaa mzima. Hata asubuhi hiyo alikuwa amemletea Kanyiva mfuko wa nyanya. "Nilipita hapa Ijumaa jioni, ulipoondoka tu, nikakiona. Babu zetu waliomba mvua chini ya mti huu. Sasa sisi tuukate tupitishe baiskeli?"

Saa nane wakazi wangekutana papo hapo kuamua kama wanaitaka njia. Wakiikataa, ofisi ingeifuta. Na mwezi wa Januari binti yake, Mwende, angeanza darasa la kwanza. Bila njia hiyo angekwenda shule kwa miguu ukingoni mwa Waiyaki Way, huku malori yakimpita sikioni. Kanyiva aliwaomba wampe mpaka saa nane.

Alianza na mti wenyewe. Kitambaa kilikuwa chake, ila fundo halikuwa lake. Yeye hufunga mara mbili na kukaza mpaka vidole vimuume. Hili lilikuwa fundo la kitanzi, limelegezwa ngumi ikaweza kupita, kitambaa kikiwa kimeshikiliwa na vinundu vya gome. Kati ya kitambaa na gome, shina lilizungukwa na uzi mweupe wa pamba, raundi nyingi. Kwenye mizizi palikuwa na unga mwekundu na embe moja.

Watu walimtaja Munir kwanza. Alikuwa na duka la baiskeli mjini, na wiki iliyopita alinung'unika mbele ya wote kwamba kona ya kuuzunguka mugumo ingewachosha waendeshaji. Kanyiva alimkuta langoni kwake, begi la safari bado begani. Alikuwa ametoka Mombasa kwenye harusi ya binamu yake, alikokwenda tangu Alhamisi, na tiketi ya gari moshi ilikuwa ingali mfukoni.

"Dada, yale yalikuwa mzaha," alisema. "Baiskeli isiyokata kona, hiyo si ni mkokoteni tu?"

Kisha watu wakanong'ona juu ya ule uzi, kwamba ni mambo ya akina mama wa Kihindi. Kanyiva akabisha hodi kwa Sushila, ambaye nyumba yake ilipakana na bustani. Sushila hakuficha. Jumamosi, Sikukuu ya Madaraka, ilikuwa pia siku ya mwezi mpevu ambapo wake hufunga kula, huuzunguka mti huku wakiuzungushia uzi, na kuwaombea waume zao maisha marefu. Kwao Gujarat, India, mti wenyewe ni ndugu yake mugumo. Walikuja saa nne asubuhi.

"Sasa mimi nimwombee Lalit maisha marefu, halafu niukatishe mti?" Sushila aliuliza. "Anakoroma, ndiyo. Lakini bado hatujafika hapo."

Kanyiva alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wakashuka pamoja mtoni, kufuata mahali njia itakapopita. Katikati ya matete palikuwa na kishamba kilichotunzwa vizuri, ambacho Kanyiva alikuwa amekipita mara nyingi asijue ni cha nani. Miche ilikuwa imefungwa kwenye vijiti kwa vitambaa, kila kimoja kwa fundo la kitanzi lililolegezwa, ili shina lipate nafasi ya kunenepa.

"Nyanya za Mwalimu," Sushila alisema. "Hutuletea kila wiki."

Saa nane watu walijaa. Kanyiva alimwomba Mwalimu arudie aliyoyasema asubuhi, naye akarudia: Ijumaa jioni, kwa macho yake.

Kanyiva alikiinua kitambaa. "Uzi huu ulizungushwa Jumamosi na akina Sushila. Kitambaa cha Ijumaa kingekuwa chini ya uzi. Hiki kiko juu."

Mwalimu aliusogelea uzi kana kwamba anauona mara ya kwanza. "Ni wao?" aliuliza. "Mimi nilidhani ni uzi wako wa kupimia."

"Na fundo, Mwalimu, ni la nyanya."

Mwalimu alikaa kwenye mzizi. Alieleza bila kuinua kichwa kwamba alikihamisha jana, Jumapili. Hakutaka mugumo ufe. Alijua watu wangeupigania, wangeikataa njia, na shamba lake lingebaki. "Tangu nistaafu sina kengele, sina wanafunzi," alisema. "Nikiwa na nyanya, nina sababu ya kubisha hodi kwa watu."

Kanyiva alikuwa na hasira, lakini ilianza kumponyoka. Alimwambia ukweli: kwenye matete shamba halingekaa, njia iwepo isiwepo, kwa sababu matete ndiyo yanayosafisha maji.

"Ndani ya ua wetu pana jua zuri," Sushila alisema. "Pale Lalit ameweka gari lake bovu."

"Gari hilo nitalitengeneza," Lalit alijitetea.

"Umesema hivyo tangu tuoane."

Watu waliangua kicheko, na Mwalimu naye akafuta macho akicheka. Aliwaomba radhi wote, Kanyiva kwanza. Mikono ilipoinuliwa kuipitisha njia, wa Mwalimu uliinuka mapema kuliko yote.

Kisha Kanyiva akampa kitambaa akirudishe mwenyewe. Mwalimu aliuzungushia mkaratusi, vidole vyake vikaanza kitanzi kwa mazoea.

"Kaza, Mwalimu," Kanyiva alisema. "Huo haunenepi tena."