Arvid Ahojiwa Chini ya Kiapo

Kila asubuhi Marlys humvisha mumewe soksi. Arvid Torvik hawezi kuinama tangu siku ile reli ya kushikia kwenye ngazi ya jengo walilopanga ilipong'oka mkononi mwake, akaangukia barafu akavunjika nyonga. Lakini ukimuuliza hali, atakujibu, "Si mbaya." Wanaume wa Minnesota, kule kaskazini mwa Marekani, ndivyo walivyo. Mtu anavuja damu, naye anaomba radhi kwa kuchafua sakafu.

Walikuwa wameishtaki kampuni yenye jengo, ilipe matibabu. Kampuni ikadai mzee hakuumia sana. Kisha ikaja barua: wakili wa kampuni atamhoji Arvid chini ya kiapo, kabla kesi haijafika mbele ya jaji.

Marlys akakosa raha. Alijua mzee wake atasema si mbaya, na madai yao yataishia hapo.

Akamwita jirani yao LaVonne, aliyefanya kazi ya kuandika maneno ya mashahidi kwa miaka thelathini. LaVonne akawaeleza taratibu. Hakuna jaji pale. Ni chumba cha ofisi tu, wakili wako, wakili wao, na mwandishi. Unaapa kama mahakamani, na kila neno linaandikwa. Siku ya kesi linaweza kusomwa. Kwa hiyo ngoja swali liishe. Jibu kwa mdomo, maana kutikisa kichwa hakuandikiki. Hukuelewa, omba swali lirudiwe. Hujui, sema hujui, usikisie.

"Na wakili akinyamaza?" Arvid akauliza.

"Nyamaza nawe. Anangoja upayuke. Nakujua wewe, ukiona kimya unakijaza kama gunia."

Arvid akacheka, akasema yeye hakuzoea kulalamika.

"Nani kakuambia ulalamike? Utaapa kusema kweli. Hiyo 'si mbaya' yako ni uongo, Arvid. Ni uongo wenye adabu, lakini ni uongo."

Arvid akakizungusha kikombe chake cha kahawa.

Siku ya mahojiano Marlys alingoja nje saa tatu nzima. Mumewe akatoka amechoka, akaomba tu waende nyumbani.

Baada ya wiki kadhaa maandishi yakaletwa, Arvid ayapitie, aonyeshe palipokosewa, kisha atie sahihi. Marlys akamsomea kwa sauti. Alipofika ukurasa wa arobaini, akasoma:

*Swali: Unalala vizuri?*

*Jibu: Hapana. Nikigeuka nang'ata mto, mke wangu asinisikie.*

Marlys akavua miwani. "Mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuniapisha," Arvid akasema.

Marlys akampiga begani, polepole, kisha akauacha mkono pale pale.

Kampuni nayo iliusoma ukurasa huo. Kabla kesi haijasikilizwa, ilikubali kulipa matibabu na kufunga reli mpya. Na siku hizi maumivu yakimshika Arvid kitandani, humwamsha mkewe.