Tochi Ndani ya Ndoo

Taa za ukumbi wa ghorofa ya sita zilipowashwa tena, kitambaa cheusi mbele ya Mzee Kuang kilikuwa kitupu. Alikipapasa, akakikung'uta, akachungulia hata ndani ya birika la chai. Kisha akapiga ukelele uliosikika hadi kwa wauza simu wa ghorofa ya chini.

"Tochi yangu! Nimeibiwa!"

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri, katika jengo la vifaa vya umeme katika mtaa wa Huaqiangbei, jijini Shenzhen. Wapenzi wa tochi hukutana hapo kila Jumapili, wakafunga mapazia, wakazima taa, wakamulika ukuta mweupe na kubishana mwanga wa nani ni mzuri. Tochi ya Kuang ndiyo iliyokuwa gumzo. Alikuwa ameichonga mwenyewe kwa metali ya titani, fupi kuliko kiganja, akabadilisha springi, kioo na balbu yake, hata ikamulika kama taa ya gari na bado ikakaa mfukoni mchana kutwa bila kumuunguza mtu paja. Siri ya kutopata moto hakumpa mtu.

Bi Pang Suzhen, mkuu wa ulinzi wa jengo, alikuwa amefanya upelelezi polisi miaka mingi kabla ya kustaafu. Alifika karibu saa kumi, akakuta kesi imeshaamuliwa. Meneja wa jengo, Deng, alikuwa ameinua tochi juu. Pembeni yake alisimama Mama Luo, mfagizi, mikono imemganda kifuani.

"Ilikuwa kwenye ndoo yake, chini ya matambara," alisema Deng. "Saa kumi na mbili awe ameshatoka jengoni."

"Nani mwingine amepekuliwa?"

"Wageni wangu hawapekuliwi, Bi Pang."

Bi Pang alivuta pumzi ndefu. Mambo haya ndiyo yaliyomfanya astaafu mapema.

"Mama, ndoo ilikuwa wapi?"

"Nje ya choo, Bi Pang. Mimi nilikuwa ngazini nadeki. Sikuigusa tochi ya mtu, naapa." Akamgeukia Deng. "Nikifukuzwa kwa wizi, jengo gani litanipokea tena? Na chumba ninacholala ni cha hapa hapa."

Mzee Kuang alikuwa ameshaipokea tochi yake. Aliufungua mfuniko wa nyuma, akaufunga, akaufungua tena, akapitisha kidole kwenye hesi, ile mikunjo ya kuzungushia mfuniko. Uso ukamkunjamana.

"Wameiharibu!"

"Wameiharibuje?"

"Hesi haikwaruzi! Niliiacha kavu makusudi, napenda kuisikia mkononi. Sasa inateleza kama tambi. Na tazama grisi yenyewe, ya zambarau! Grisi gani hii? Mimi sijaiona kwa mtu yeyote hapa."

"Mzee Kuang," alisema Bi Pang polepole, kama mtu anayehesabu ili asipige mtu, "yaani unalalamika kwamba mwizi ameirudisha ikiwa nzuri zaidi?"

"Ndiyo!"

Watu wazima hawa! Alitaka kuwarushia usoni mbegu za alizeti walizokuwa wakitafuna. Lakini hasira haikumzuia kufikiri. Mfagizi gani huiba tochi, akaifungua, akasafisha hesi yake, akaipaka grisi, halafu akaificha kwenye matambara machafu?

Askari wa mlango wa ukumbi alimwambia kuwa tangu taa zilipozimwa, wageni wawili tu ndio waliotoka kwenda chooni: Bosi Ouyang, tajiri wa kukusanya tochi, na Fundi Xie, bingwa wa kuzifungua na kuziunda upya. Bi Pang akawaketisha mezani.

"Bosi Ouyang, inasemekana umembembeleza Mzee Kuang akuuzie."

"Nimembembeleza mwaka mzima. Kubembeleza ni wizi?"

"Ulikaa chooni muda mrefu."

"Muulize mpishi wa kamba niliowala mchana! Dada yangu, mimi hununua tu. Sijawahi kufungua tochi hata moja, naogopa kuichubua."

"Na wewe, Fundi Xie?"

"Nina tochi zangu. Ya Kuang naitakia nini?" Xie alitabasamu. "Mwenye ndoo yupo pale, mnatuhangaisha sisi."

Bi Pang alimtuma askari wake amletee tochi ya lindo, kuukuu, yenye mchanga kwenye hesi. Akaanza kuufungua na kuufunga mfuniko wake huku akiuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu, na kila alipouzungusha ulilia *krrr, krrr*. Ouyang aliziba masikio. Kuang alifumba macho kwa raha. Kisha Bi Pang akaiweka tochi mezani, akageuka kumfokea Deng kuhusu ufunguo wa stoo, na akafoka kwa muda wa kutosha.

Alipogeuka, tochi ilikuwa mikononi mwa Xie, imefunguliwa. Alikuwa ameshafuta mchanga kwa karatasi laini. Kutoka kijaluba cha kiunoni alikuwa ametoa kichupa, na kidole chake kilikuwa kinazungusha grisi kwenye hesi taratibu.

Grisi ya zambarau.

Xie alikitazama kidole chake kama si chake.

"Nimeichanganya mwenyewe juzi," alinong'ona. "Sijamwonyesha mtu bado."

"Wewe!" alifoka Kuang.

"Nilitaka kujua tu joto unalipeleka wapi! Mwaka mzima nashindwa, na wewe hapo unacheka. Nikaichukua gizani, nikaifungua chooni. Ile hesi, Mzee, ilikuwa inalia. Sikuweza kuiacha. Nilipofika mlangoni taa zilikuwa zimewaka na wewe unapiga kelele, sikuweza kuirudisha mezani, nikaenda kuitia ndooni."

Akainamisha kichwa mbele ya Kuang. "Nisamehe, Mzee."

"Umepaka vizuri, lakini," alisema Kuang. "Grisi yenyewe unaichanganya na..."

"Nyamazeni!" Bi Pang alipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Kwa nini ndoo ya Mama Luo, Xie?"

"Nilijua mtapekua hapo tu. Na mkiikuta hapo, hamtauliza zaidi."

Deng alikohoa, akamwambia Mama Luo kuwa basi, arudi kazini, yamekwisha.

Mama Luo hakusogea. "Mzee Kuang, miaka yote hii nakuletea maji ya chai kila Jumapili. Wewe uliniuliza?"

Mzee alishindwa kumtazama. Alifuta tochi kwa shati lake, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Chukua, Mama. Ya kukumulikia ngazini. Naomba radhi."

Mama Luo aliitazama kidogo, kisha akatia mikono yake mfukoni.

"Kaa nayo, Mzee. Siku nikionekana nayo, nani ataniuliza nimeipata wapi kabla ya kuniita mwizi?"